Herufi Zina Ukoo: Mhadhara Kuhusu Kulitafuta Neno la Kiingereza



Mada ya leo yaweza kuonekana ndogo. Mtu ana herufi chache mkononi, anataka neno la Kiingereza lenye herufi hizo, afanyeje? Mwanafunzi anayejaza fumbo la maneno gazetini hujiuliza hivyo. Mchezaji wa Scrabble mwenye kete saba mbele yake hujiuliza hivyo. Hata muuguzi anayesoma mwandiko wa daktari, herufi tatu zikisomeka na nne hazisomeki, hujiuliza hivyo hivyo, tena yeye akikosea ataumia mtu.

Wengi wetu hujibu kwa njia mbili. Kuna wanaopapasa: wanazipangua herufi na kuzipanga, wakingoja neno lijitokeze lenyewe. Na kuna wanaofungua simu, wakaandika herufi walizo nazo, orodha nzima ikawajia kufumba na kufumbua. Sina ugomvi na simu, na nitaisifu hapo mbele. Lakini nimeona darasani kwamba aliyepewa orodha leo, kesho huiomba tena. Jioni hii nataka kuitetea njia ya tatu. Herufi za Kiingereza hazikurundikana ndani ya maneno ovyo. Zina ukoo. Ziliingia kwa makundi, kila kundi likiwa na mahali lilikotoka na wakati lilipowasili, na mwenye kuzijua koo hizo hulipata neno upesi, huliandika bila kosa, wala halimtoki.

Nitaanza na hesabu, nifuate na mpangilio, kisha nikae kwa muda mrefu zaidi kwenye ukoo wenyewe.

Hesabu

Kila lugha ina herufi inazozipenda. Kiswahili hupenda A kuliko zote. Fungua ukurasa wowote wa gazeti uhesabu, utaniamini. Kiingereza hupenda E, ikifuatwa na T, kisha A, O, I na N. Elimu hii ni kongwe. Katika karne ya 9, mjini Baghdad, mwanafalsafa al-Kindi aliandika risala ya kufumbua maandishi ya siri, akaeleza kwamba kila lugha ina herufi zinazojirudia zaidi na zinazojirudia kwa uchache, na kwamba kwa kuzihesabu tu waweza kuivunja siri. Miaka elfu moja baadaye, huko Marekani, Samuel Morse na mshirika wake Alfred Vail walipotunga alama za telegrafu walihitaji kujua herufi zipi zitatumwa mara nyingi. Vail aliangalia akiba ya herufi za risasi katika kiwanda cha uchapaji, maana mchapaji huweka akiba kubwa ya herufi anazozihitaji sana. Ndiyo maana E ikapewa nukta moja na T mstari mmoja, na herufi adimu zikabebeshwa ishara ndefu.

Msanifu majengo mmoja wa New York, Alfred Butts, alipopoteza kazi wakati wa mdororo mkuu wa uchumi wa miaka ya 1930, alirudia hesabu hiyo kwa kusudi jingine. Alihesabu herufi katika kurasa za The New York Times, na kutokana na hesabu zake ukazaliwa mchezo ambao mwaka 1948 ulipewa jina la Scrabble. Una kete 100: E zipo 12, A na I zipo tisa tisa, Q na Z moja moja tu. E huleta pointi moja. Q na Z huleta kumi kila moja.

Mtafutaji wa maneno ajifunze nini hapa? Ajifunze kwamba herufi adimu ndiyo inayomwongoza. Ukiwa na E, A, T na Z, usianze na E, kwa kuwa E iko katika maneno maelfu kwa maelfu na haitakuambia lolote. Anza na Z, ambayo milango yake ni michache. Lakini ukicheza mchezo wa kubahatisha neno lililofichwa, kama Wordle ya Josh Wardle iliyoenea duniani mwishoni mwa mwaka 2021, kanuni hugeuka. Pale huna herufi yoyote. Una majaribio sita na neno la herufi tano. Basi uliza kwanza kwa E, A, R, T, kwa sababu swali zuri ni lile ambalo jibu lake, liwe ndiyo au hapana, huondoa maneno mengi. Anayepewa herufi huongozwa na iliyo adimu. Anayeuliza herufi huuliza iliyo nyingi. Nimeona wanafunzi wakifanya kinyume cha yote mawili, na hawakosi akili, ila hakuna aliyewaeleza.

Mpangilio

Kete saba tofauti zaweza kupangwa kwa namna 5,040. Hakuna anayeweza kuzipitia zote akiwa na saa inayomhesabia dakika. Kwa hiyo watu wamebuni mipangilio, na mpangilio mkongwe kuliko yote ninayoijua ulibuniwa na mtu wa pwani tunayoifahamu.

Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi alizaliwa Oman mwanzoni mwa karne ya 8, akaishi na kufundisha Basra. Washairi wetu wanamjua kwa elimu ya arudhi aliyoiasisi. Alitunga pia kamusi ya Kiarabu, Kitab al-Ayn, na namna alivyoipanga inastaajabisha hadi leo. Aliuchukua kila mzizi akazigeuza herufi zake kwa kila njia iwezekanayo: herufi mbili hutoa mipangilio miwili, tatu hutoa sita, nne hutoa 24, tano hutoa 120. Kisha akaeleza mpangilio upi unatumiwa na Waarabu na upi umeachwa. Mizizi yenye herufi zilezile akaiweka pamoja. Huyo ndiye babu wa kila programu inayokuuliza leo una herufi gani.

Wachezaji stadi wa Scrabble ya Kiingereza hutumia wazo linalofanana na hilo. Huzipanga herufi za kila neno kwa alfabeti, na mpangilio huo ukawa ufunguo. "Listen", yaani sikiliza, ufunguo wake ni e-i-l-n-s-t. "Silent", yaani kimya, ni huohuo. "Enlist", kujiandikisha jeshini, ni huohuo tena. Kwa hiyo mchezaji hahitaji kuijaribu mipangilio mamia. Anahitaji kuukumbuka ufunguo mmoja na maneno yaliyofungwa nao. Vilevile hujifunza mashina yanayozaa. Chukua "retina", sehemu ya jicho inayopokea mwanga. Ongeza C upate "certain", hakika. Ongeza D upate "trained", aliyefunzwa. Ongeza G upate "granite", jiwe gumu la itale. Ongeza P upate "painter", mchoraji. Na ukiongeza M, unapata "minaret", ambayo ni mnara wetu wa msikitini, ulioingia Ulaya kutoka Kiarabu kama ulivyoingia pwani yetu.

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana mtaji ambao mara nyingi hajui kuwa anao. Tumezoea kuvunja maneno. Ukisema "anayewapikia", mtoto wa Kiswahili, bila kufundishwa sarufi, anasikia a-, -na-, -ye-, -wa-, kisha pika limekaa katikati. Ahamishe ustadi huo. Akiwa na I, N na G kati ya kete zake, aziweke pembeni kama kiambishi tamati, abaki na nne tu za kuhangaika nazo. Afanye hivyo kwa -ed, -er, -ness na -tion, na kwa re- na un- upande wa mwanzo. Mtego wetu uko kwingine: midomo yetu hutaka irabu baada ya konsonanti, ndiyo maana "driver" akawa dereva. Tukitafuta neno la Kiingereza tunachomeka irabu mahali ambapo hazipo, tukalikosa "strengths", lenye herufi tisa na irabu moja. Dawa yake ni kanuni fupi: neno la Kiingereza likianza kwa sauti tatu za konsonanti mfululizo, ya kwanza ni S. "Street", "spring", "screen", "splash". Nimewaona watoto wakiishika kanuni hii ndani ya somo moja.

Kuna pia kutafuta kwa mkia. Al-Firuzabadi, aliyefariki Yemen mwanzoni mwa karne ya 15, alipanga kamusi yake maarufu, al-Qamus al-Muhit, ile iliyotuachia neno kamusi, kwa herufi ya mwisho ya mzizi. Mwaka 1775 John Walker wa London alitoa kamusi ya Kiingereza iliyopangwa kwa miishio ya maneno, msaada mkubwa kwa washairi watafutao vina. Na mwaka 1973, katika maabara ya Bell nchini Marekani, Ken Thompson aliandika programu iitwayo grep. Unaipa umbo la neno, herufi unazozijua zikiwa mahali pake na nukta mahali usipopajua, nayo inapitia maelfu ya mistari na kukuletea yote yanayolingana. Hii ndiyo sifa niliyoiahidi: tumeweza kumpa kila mwenye simu uwezo ambao zamani ulimchukua mwanachuoni umri wake wote. Ila mashine hukuletea orodha na kunyamaza. Haikwambii kwa nini maneno hayo yana herufi hizo.

Ukoo

Tuanze na Q. Karibu kila mara hufuatwa na U. Kwa nini? Waingereza wa kale waliandika "cwen" kwa malkia na "cwic" kwa kilicho hai. Mwaka 1066 Wanormandi waliishinda Uingereza, na waandishi waliofuata desturi za Kifaransa na Kilatini wakaleta qu mahali pa cw; "cwen" akawa "queen", "cwic" ikawa "quick". Sauti haikubadilika, aliyebadilika ni aliyeshika kalamu.

Lakini yako maneno ya Kiingereza yenye Q isiyo na U, na kila mchezaji wa Scrabble huyatafuta kama dhahabu. Mchezaji wa London hulazimika kuyakariri moja moja, maana kwake ni vitu vigeni. Yasikilizeni nyinyi: "faqir", "qadi", "qibla", "talaq", "niqab", "waqf". Fakiri, kadhi, kibla, talaka, nikabu, wakfu! Maneno haya tumeyatumia msikitini, barazani na mahakamani kwa karne nyingi. Kiarabu huyaandika kwa herufi qaf, na wanazuoni wa Ulaya waliichagua Q iwakilishe qaf, ndiyo sababu haina haja ya U. Sisi kwa hati ya Kilatini tukachagua K. Basi mwanafunzi wa Mombasa au Unguja akiulizwa maneno ya Kiingereza yenye Q bila U, asiogope. Aangalie kwanza maneno ya Kiarabu anayoyatumia nyumbani. Yamo mengine ya kutoka mbali zaidi, kama "qi", pumzi ya uhai kwa Wachina, lakini sehemu kubwa ya hazina hiyo anayo tayari.

Herufi J mwishoni mwa neno ni hadithi ya namna hiyo. Maneno ya asili ya Kiingereza hayaishii kwa J. Sauti hiyo mwishoni huandikwa -ge au -dge, kama "bridge". Ukitakiwa kutaja neno linaloishia J, vuka bahari: "hajj", ambayo ni hija, "taj", ambayo ni taji, "raj", utawala, kutoka India. Ukitakiwa neno linaloishia U, orodha ni fupi, na ndani yake limo neno letu uhuru. Kamusi za Kiingereza zimelipokea pamoja na safari, bwana, askari na matatu. Mchezaji wa Scrabble aliyelemewa na U tatu, wakati kete za U zote katika mchezo ni nne, ataokolewa na neno ambalo Waafrika Mashariki walilipigia kelele wakiwatoa Waingereza madarakani. Nalisema kwa fahari.

Sasa sikilizeni herufi zisizotamkwa, ambazo watoto wetu hupigiwa alama nyekundu kila siku. K ya "knife", kisu, na ya "knee", goti, ilitamkwa hadi karibu karne ya 17. Wajerumani wanaitamka hata leo wakisema "Knie". GH ya "night" na "daughter" ilikuwa sauti yetu ya kh, ile ya kheri na khofu katika midomo ya watu wa pwani. Sauti zilikufa, herufi zikabaki. Kwa hiyo anayetafuta maneno yenye kn, gh au wr anatafuta maneno ya kale ya nyumbani na shambani: viungo vya mwili, ndugu, usiku, mwanga, kazi za mikono. Hatayapata katika majina ya sayansi, na hilo pekee limempunguzia nusu ya utafutaji.

Sayansi ina ukoo wake, Wagiriki. Ukiona ph inayotamkwa f, ch inayotamkwa k, au Y katikati ya neno ikifanya kazi ya irabu, uko Ugiriki. "Psychology" imebeba karibu alama zote. "Rhythm", mahadhi, ina herufi sita bila A, E, I, O wala U. Wanaoulizwa maneno yasiyo na irabu hizo tano wakumbuke Y ya Kigiriki, wataokota "myth", "hymn" na "lynx". Tafuta maneno yenye rrh, utapata machache sana, na mengi ni ya hospitalini: "diarrhoea" na "catarrh" yote yana kitenzi cha Kigiriki cha kutiririka ndani yake. Mwanafunzi wa uuguzi aliyefundishwa hivyo hatazibadilisha tena herufi hizo nafasi, kwa sababu anajua zinasema nini.

Ukoo wakati mwingine hughushiwa, na kughushi huko nako kuna faida kwetu kukujua. "Debt", deni, na "doubt", shaka, yaliingia kutoka Kifaransa bila B. Baadaye wasomi walioipenda Kilatini waliichomeka B ili maneno yafanane na mababu zao wa Roma, "debitum" na "dubitare". Hakuna aliyewahi kuitamka B hiyo kwa Kiingereza. "Island", kisiwa, iliongezewa S kwa kudhaniwa kuwa ni jamaa wa neno la Kilatini, na udugu huo haukuwapo. Mtoto akiuliza B hii ya nini, tusimjibu kwamba Kiingereza ni kichaa. Tumweleze nani aliiweka na alitaka nini.

Pingamizi

Kuna hoja nzito dhidi yangu, na ni haki niilete mwenyewe. Nigel Richards wa New Zealand, bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza mara kadhaa, mwaka 2015 alikwenda Ubelgiji na kutwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa. Hakuwa akizungumza Kifaransa. Alikuwa amesoma orodha ya maneno kwa takriban wiki tisa. Mwaka 2024, huko Granada, akatwaa ubingwa wa Kihispania. Hakujali ukoo, wala maana. Alijaza kumbukumbu na kushinda.

Nakubali kwamba hilo lawezekana. Naheshimu kipaji hicho. Lakini kipaji cha mtu mmoja hakiwezi kuwa mtaala wa maelfu, na lengo la shule haliishii ubaoni. Mwanafunzi wetu akilipata neno, tunataka kesho aliandike katika barua ya kuomba kazi, alielewe katika maagizo ya dawa, alitumie mahakamani. Orodha iliyokaririwa haifiki huko. Tena ushindi wa Afrika katika mchezo huu unafundisha zaidi ya kukariri. Mwaka huohuo wa 2015, mjini Perth, Australia, Wellington Jighere wa Nigeria alimshinda Lewis Mackay wa Uingereza, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza. Wanaijeria wamejulikana kwa kucheza neno fupi hata wanapolijua refu, ili wabaki na herufi zinazochanganyika vizuri kwa zamu ijayo. Huko ni kuzijua tabia za herufi: zipi huenda pamoja, zipi hukwama.

Darasani

Nimalizie na kazi, kwa sababu walimu mmekuja na daftari.

Wapeni wanafunzi kundi la herufi mbili au tatu, kn, ph, rrh au dge, wakusanye maneno wanayoyajua kabla ya kugusa kamusi wala simu. Kisha waulizeni maneno hayo yanahusu nini kwa ujumla: nyumbani, hospitali, dini, bahari? Waache wauone ukoo kwa macho yao kabla hamjawatajia jina lake. Siku nyingine wapeni shina kama "retina", wabadilishe herufi ya saba wakiandika kila neno pamoja na maana yake na sentensi moja. Neno lisilo na sentensi lisihesabiwe. Siku ya tatu waleteni upande wetu: waandike maneno kumi ya Kiswahili yenye asili ya Kiarabu, kisha waone ni mangapi yamefika pia katika kamusi ya Kiingereza, na kwa tahajia gani. Hapo ndipo mtoto aliyezoea kuambiwa kwamba Kiingereza ni cha wengine atakapoona kwamba amekuwa na funguo zake muda wote.

Simu itumike mwisho, kuhakikisha na kuongeza yaliyosahauliwa. Ikitumika mwanzo, inamfanya mwanafunzi kuwa msomaji wa orodha. Ikitumika mwisho, inamkuta ameshafikiri na inamkosoa kwa haki.

Herufi tatu ubaoni, na swali lifuatwe na swali: ni maneno gani, na kwa nini? Maneno yatatoka kichwani baada ya mtihani. Sababu ikishaeleweka itabaki, na kila neno jipya atakalokutana nalo mwanafunzi maishani litapata mahali pa kukaa. Hilo ndilo ninalowaomba mlifundishe.